Bunduki ya Babu Edwin na Kisanduku cha Vifungo

Oberlautern, Thuringia, Ujerumani,
3 Novemba 2012.

Mpendwa Dada Irmtraud,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Brazili, wewe na shemeji Arno, na kwamba lile goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo, ila baridi imewahi mwaka huu na mgongo wangu umeipokea kabla ya watu wengine. Wifi yako Hannelore ameshaanza kuvundika kabichi ya majira ya baridi, na nyumba nzima inanuka uchachu.

Ningepiga simu, lakini kwako siku zote hupokea mwanao, na kijana huyo hawezi kutunza neno. Kwa hiyo soma kwanza ukiwa peke yako.

Wiki iliyopita Gundula Rebhan, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, alitia kikaratasi kwenye sanduku letu la barua. Ni wale wale akina Rebhan, dada, ambao hatujasalimiana nao tangu mwaka 1945. Aliandika kwamba mafundi wanaobadilisha paa lake wamekuta bunduki kuukuu ya shabaha, kwamba ameshairipoti serikalini, na kwa kuwa mimi nina kadi ya wakusanyaji, ile inayoruhusu kumiliki silaha za kale, niende nikaione. Mwisho akaongeza kwamba keki ya plamu itakuwepo.

Nilikaa na kikaratasi hicho siku mbili. Jirani aliyekununia miaka sitini na saba akikuokea keki, lazima ujiulize ana lake jambo. Tena unajua bunduki hizi za kati ya vita vile vikuu viwili zimeadimika, na matapeli wameongezeka. Huchukua mtutu wa huku na kitako cha kule, wakasugua namba za zamani na kugonga mpya, kisha wakakuletea wakisema ni urithi wa babu. Mwaka juzi nusura niuziwe moja ya namna hiyo. Kilichoniokoa ni skrubu zake, zilikuwa hazijawahi kuguswa na kutu.

Nikaenda, na tochi na lenzi mfukoni. Gundula alikuwa ameshakata keki.

"Kaa, Trautvetter. Haina sumu."

"Anza wewe," nikamwambia.

Akachukua kipande, akala, akajifuta mdomo taratibu huku ananitazama. Sikupenda utulivu wake.

Bunduki ilikuwa mezani, imelazwa juu ya magunia yenye mafuta ilimokuwa imefungwa. Nikaanza na namba. Ya mtutu na ya kitako zinalingana, na hakuna aliyezichezea. Ni kazi ya mafundi bunduki wa mji wa Suhl, mwaka 1928. Kisha nikageuza kitako, nikasogeza tochi karibu. Tuta la kulazia shavu limechongwa upande wa kulia. Fundi hachongi hivyo ila kwa mtu wa mkono wa kushoto, na katika mji huu wote alikuwa mmoja tu. Ndiyo ile ile aliyoishika Babu Edwin pichani, siku alipovikwa mkufu wa Mfalme wa Shabaha, bingwa wa chama wa mwaka 1931.

"Kwa hiyo ni kweli mliiba," nikamwambia.

Tumekua na habari hiyo, mimi na wewe. Wanajeshi wa kigeni walipoingia vita vilipoisha, wakaamuru bunduki zote zipelekwe uwanjani zikapondwe na kifaru, na atakayeficha atapigwa risasi. Babu akapanda darini kuchukua yake, akakuta hewa. Akasimama uani akamtukana mzee Rebhan mbele ya mtaa mzima, akimwita mwizi, ila bunduki hakuitaja. Bibi hakutaka hata kuku wao wavuke ua wetu.

"Iangalie vizuri," Gundula akasema. "Mwizi gani anaacha kifungio?"

Kweli, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu hakipo. Bila hicho ni fimbo ya kutembelea tu.

Kwa maelezo yake, wazee wale wawili waliigawa. Babu yake akachukua bunduki, babu yetu akabaki na kifungio, ili asikutwe mtu na bunduki nzima. Ugomvi ule ulikuwa wa kupangwa, maana nani atamshuku mtu kwamba anamfichia adui yake?

"Babu alikuwa akisema Trautvetter alitukana vizuri mno siku ile," akaniambia, "mpaka yeye mwenyewe akaumia kidogo."

Baadaye ikaja serikali nyingine, ile ya kikomunisti, na kuficha bunduki kukabaki kuwa kosa la jela. Watoto hawakuambiwa, wasije wakaropoka shuleni. Babu yetu akafa, kisha babu yake, na watoto wakaurithi ule ugomvi wakidhani ni wa kweli. Alipokuwa akikata roho, mzee Rebhan aliwaambia wanawe neno moja tu: cha Trautvetter kitunzwe, wenyewe watakuja kukiulizia. Wao wakangoja tuulizie, na sisi hatuulizii kitu kwa wezi. Mengine anasema ameyaunganisha mwenyewe juzi tu, alipoiona bunduki haina kifungio.

Ni hadithi nzuri, dada, na hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Hadithi nzuri mtu hutunga akiwa na muda, na huyu mama amestaafu.

Hataki hela. Isipopata mwenye kadi kabla ya mwisho wa mwezi, bunduki itakwenda kuyeyushwa. Atanipa bure, ila tarehe 24, kwenye mkutano wa chama cha walenga shabaha, nisimame mbele ya watu wote nitamke kwamba babu yake hakuwa mwizi. Nikikataa, naipoteza bunduki ya Babu. Nikikubali na ikawa uongo, nitakuwa nimemwosha mwizi kwa mdomo wangu.

Sasa nakuomba. Ulipoondoka mwaka 1992 ulichukua kisanduku cha vifungo cha Bibi. Mle ndani kulikuwa na chuma kizito tulichokuwa tukivunjia kokwa za jozi, na Bibi akitukuta nacho alitupiga makofi. Kama bado kipo, na kama ndicho kile kifungio, kitakuwa na namba sawa na ya bunduki. Nipigie wewe mwenyewe, unitajie namba hiyo basi. Ya bunduki sikuandikii hapa. Si kwamba sikuamini, ila una moyo mwepesi na unaweza kunitajia ninayoitaka. Wala usithubutu kukituma kwa posta, tutafungwa wote wawili.

Nakuambia ukweli, naiogopa simu yako. Usiku huu nimekumbuka Bibi alivyokuwa akikirudisha kile chuma kisandukuni. Alikuwa anakipaka mafuta kwanza. Nani anapaka mafuta chuma cha kuvunjia jozi?

Leo asubuhi, kabla sijamaliza barua hii, nilimkuta Gundula anafagia majani kwenye ua. Nikamwambia, habari za asubuhi. Fagio likamponyoka. Akaliokota.

"Unataka nini?" akaniuliza.

Nikarudi ndani kuimalizia barua hii.

Msalimie shemeji Arno, na mwanao pia, bila kumweleza kitu. Hannelore anakubusu, na shangazi Elfriede anauliza kila Jumapili utarudi lini. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe macho ya kuona namba ndogo.

Ndugu yako akupendaye, hata anapokushuku,
Volkhard.