Bia Yenye Moshi wa Mizinga

Jumamosi, 8 Novemba

Musyoka mume wangu,

Leo dada yako Mwende ameniletea chupa ya bia nyeusi. Anasema nafaka yake hukaushwa kwa moshi, kisha bia inalazwa ndani ya pipa la mbao. Nilikataa. Akacheka: "Wee mama wa kwaya, onja tu. Pasta hayuko hapa."

Nikaonja. Mwanzo ilikuwa chungu. Halafu ukaja moshi, na mbao, na utamu kidogo nyuma yake, ukawa ni wewe kabisa, unarudi jioni kutoka kurina asali.

Mwende alilifua koti lako baada ya mazishi yako, akidhani ananisaidia. Tangu hapo sijaipata harufu yako popote, na naogopa nitaisahau.

Bia iliyobaki nimeifunika kwa kisahani. Sijui itakaa na moshi wake hadi lini.

Huko uliko, nikumbuke.