Siku Babu Yako Alipopimwa Ngozi

Hyattsville

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Mama yako ni mzima, bado anahudumia wazee kule Temple Hills. Mimi nasumbuliwa na magoti tu.

Umeniuliza kama Babu yako angepona iwapo kila mtu angepimwa saratani ya ngozi. Alipimwa, Neema. Nilikuwepo.

Tulikuwa bado wageni hapa Marekani wauguzi walipokuja kanisani kwetu, Landover, kuwapima waumini wote. Babu yako alivua shati, wakamtazama mgongo, mikono na uso. Muuguzi mmoja Mkenya akamwambia, "Vua na viatu, mzee."

"Miguu ni mizima," akajibu.

Mimi nililijua doa jeusi kwenye unyayo wake. Nililiona nikimkata kucha. Lakini soksi zake zilikuwa zimetoboka, na wenzetu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu. Nikaona aibu, nikanyamaza. Akaandikiwa kuwa ngozi yake haina tatizo.

Baadaye doa likawa kidonda. Kila nilipomsihi aende hospitali, alinijibu, "Si nilishapimwa?" Alipokubali, saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Nilichokificha sijamwambia mtu, hata mama yako.

Wewe unasomea uuguzi huko Mwanza, utawapima wengi. Mtu akikwambia ni mzima, mwombe tena avue, taratibu, mahali ambapo wengine hawamwoni. Mimi nimejaribu kujisamehe, sijaweza. Kaburini kwake siendi tena.

Bibi yako,
Rehema