Gaudiosa, Aliyeuza Picha Akakataa Kuuza Jina

Dada Gaudiosa, mwaka umezunguka tangu wakukate mapanga mchana kweupe pale Mikumi, mlangoni mwa duka lako. Wapo waliopita barabarani siku ile wakaona moto, na hadi leo wanasimulia kwamba ulikufa kwa ajali ya moto. Sisi familia yako tunataka wanaosoma hapa wajue. Haikuwa ajali. Uliuawa, na uliuawa kwa sababu ya kazi yako.

Ulizaliwa Kimamba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, ambako babu alikuja akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Ulikuwa kifungua mimba wa baba yetu, mzee Anselmi. Kabla hujajua kusoma ulikuwa unachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mama alikuchapa, akaosha ukuta, ukachora tena. Mwishowe alichoka kukuchapa, akakugawia ukuta mmoja uwe wako.

Tulipohamia Kilosa mjini ulianza na vibao vya saluni, vya mama ntilie, vya mabucha. Mwenye bucha mmoja alilalamika kwamba ng'ombe uliyemchorea anacheka. Ulimjibu kwa adabu kwamba ng'ombe mwenye huzuni hauzi nyama, na yule bwana akalipa. Mikono yako ilinuka mafuta ya taa tangu asubuhi. Hukula kabla hujaosha brashi. Chai uliisahau mpaka ikapoa, halafu ukaja kutuuliza ni nani ameacha chai ya watu ipoe. Kwenye kwaya uliimba sauti ya pili, na ulipokosea, ulikosea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ukaolewa na Yassin wa Msowero, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Mkahamia Mikumi. Yeye akatengeneza fremu, wewe ukachora. Wasafiri wa barabara kuu na wageni wa mbugani walisimama kununua tembo na twiga wako, na watu wakadhani umefika. Wewe ulijua bado. Uliniambia mimi mdogo wako kwamba tembo hawalishi nyumba mwaka mzima, kwa kuwa masika yakija wageni wanapungua. Kwa hiyo hukuviacha vibao. Ulipaka kuta za madarasa, ukachora mama na mtoto kwenye zahanati, ukaandika ubavuni mwa mabasi.

"Ukuta ndio unaonilisha, Magreth," ulisema. "Ndiyo maana picha siichori nikiwa na njaa."

Mteja aliyetaka kazi alitanguliza malipo ya rangi. Aliyeleta sifa tupu ulimshukuru ukamwacha aende. Nyumbani kulikuwa na kopo la kazi na kopo la matumizi, na hukukubali yachanganywe hata kwa biskuti ya binti yako Yusrah. Jumapili hukugusa brashi. Kulikuwa na majirani waliokuuliza kila mara utaanza kazi lini. Uliezeka nyumba kwa bati jipya huku wakiendelea kuuliza.

Halafu akaja Ulimboka.

Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyenunua picha za wachoraji wa Mikumi na kuziuza kwenye hoteli na maduka ya mijini. Alikuwa na gari, alikuwa na wateja, na alikuwa na wanaume wa kumfanyia yale asiyotaka kuonekana akiyafanya. Kila picha iliyopita mikononi mwake ilifutwa jina la mchoraji, ikaandikwa lake. Ulimuuzia kwa muda, kama wenzako. Kisha ukaanza kuwafuata wenye hoteli mwenyewe, ukiwa na picha zako kwenye simu na jina lako pembeni mwa kila moja. Wakakuita tena. Wakawaelekeza wengine kwako.

Ulimboka alikuja nyumbani, akaketi kwenye benchi ya Yassin, akasema kwa upole kwamba Mikumi kila mchoraji hupitia kwake, na kwamba hakuna mgeni anayejali jina la mwanamke wa Kilosa. Ulimpa chai. Alipomaliza kusema ulimjibu hivi:

"Kaka Ulimboka, picha nitakuuzia. Jina langu siuzi."

Alikunywa chai yote, akashukuru, akaondoka.

Wiki iliyofuata waliingia uani wanaume watatu, asubuhi, Yassin akiwa amekwenda kufuata mbao. Walipasua picha zote zilizokuwa zinakauka. Walimwaga rangi chini na kukuburuza juu yake kwa nywele. Mmoja alikukalia mgongoni. Mwingine aliulaza mkono wako wa kulia juu ya benchi na kuushikilia, na wa tatu akachukua nyundo ya mumeo akavipiga vidole, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu, kama mtu anayepigilia misumari. Ulipopiga kelele walikujaza mdomoni tambara la kufutia brashi. Yusrah alikuwa ndani, chini ya kitanda. Alisikia yote.

Kituoni ulitoa maelezo. Jirani hata mmoja hakukubali kuwa shahidi. Waliogopa, na hatuwalaumu, lakini tunayasema.

Yassin alitafuta tupa. Alinoa shoka. Alilinoa mpaka likakata unywele, akavaa viatu ili aende kwa Ulimboka. Wewe, mkono ukiwa ndani ya plasta, ulikwenda ukaketi kizingitini. Alikuambia uondoke. Hukuondoka. Alikushika bega akuvute, ukalia kwa maumivu, akaachia. Ndipo ulipomwambia kwamba akimuua Ulimboka, wale watu watakuwa wamempata na yeye pia, na mtoto atabaki na mama mwenye mkono mmoja na baba aliye jela. Yassin alilipiga shoka kwenye mwimo wa mlango, likazama, akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Ilibidi waje wanaume wawili kulichomoa.

Vidole viliunga vibaya. Viwili havikukunjika tena. Ulijifunga brashi kwenye kiganja kwa kitambaa, ukajifunza kuchora kwa nguvu ya bega. Mistari myembamba ilikushinda, kwa hiyo uliacha kuhesabu manyoya ya ndege na ukaanza kuchora vitu vikubwa: treni ikiingia Kidete mto ukiwa umejaa, wanawake wa Mvumi wakipura mpunga, mbogo wakipigana. Mbogo wako wa baada ya nyundo walikuwa wa kutisha. Wageni waliwanunua kabla hawajakauka.

Tena uliwaita wenzako. Alikuja Bonifas, aliyechora wanyama tangu ujana wake na ambaye jina lake halikuwa limeonekana kwenye picha hata moja. Alikuja Mwanvua, mtengeneza batiki, vitambaa vya kuchorwa kwa nta na rangi. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma.

"Mkono wangu mmoja wameupata," uliwaambia. "Tukiwa wengi hawatajua waanze na nani."

Mkapanga chumba kimoja kando ya barabara, mkagawana kodi. Kila mmoja aliuza kwa jina lake na kwa bei iliyobandikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatia mwenzake bei mbele ya mteja. Zile kazi za kuta za shule za Msowero uliwagawia wote, ndizo zilizowavusha masika ya kwanza. Lilikuwa duka dogo, bati lake likivuja upande mmoja. Lakini watu walilipia ada za watoto wao kutokana na duka lile. Bonifas alinunua baiskeli akaileta kukuonyesha, akisimama kando yake kama bwana harusi.

Ulimboka alipoteza hoteli moja, kisha nyingine. Alituma maneno. Alituma mtu kuvunja kufuli. Siku moja mlikuta mbuzi amechinjwa na kutupwa mlangoni, matumbo nje. Mkaosha mlango, mkafungua.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Pasaka, magari mengi barabarani. Walikuja na dumu la petroli na mapanga. Wawili kati yao walikuwa ni wale wale wa nyundo. Walimwaga petroli kwenye picha zilizotundikwa nje, wakawasha, kisha wakamwaga mlangoni. Wewe ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa salama, Dada. Lakini Mwanvua alikuwa nyuma kabisa ya chumba, akiyeyusha nta yake kwenye jiko, na nyuma hakukuwa na mlango.

Uliingia. Ulimkuta, ukamfunika kwa khanga iliyoloa, ukamsukuma mbele yako kuelekea mlangoni. Mmoja wa watu wale, Samson, alikuwa amesimama pale na panga ili mtu asitoke. Ulimrukia. Uling'ang'ania panga kwa mkono ule ule uliovunjwa, likakukata kiganja hadi mfupa, na Mwanvua akapita chini ya kwapa lako akiwa anaungua mgongo. Samson alilivuta panga, akakukata begani, kisha shingoni. Ulianguka kwenye kizingiti, miguu ndani ya moto. Yassin, aliyeuona moto akaja mbio, alikuvuta. Alikupakia kwenye lori la mahindi lililosimama, na ulimfia mapajani kabla ya kufika hospitali. Alisema ulijaribu kumwambia kitu lakini damu ilijaa kinywani.

Nyuma yako watu walikuwa wamemkamata Samson. Walimpiga mawe na mbao za fremu zenye misumari. Jicho moja lilitoka. Walimvisha tairi shingoni, na petroli ilikuwepo, ile ile aliyokuja nayo. Aliyewazuia ni Bonifas. Hakumhurumia, na hajawahi kudai kwamba alimhurumia. Alijilaza juu yake, akapigwa yeye mbavu zikavunjika, akiwaambia jambo moja tu.

"Huyu akifa, Ulimboka amepona."

Wakaacha. Samson akaishi, akapona nusu, akasema mahakamani nani aliwatuma na nani aliwapa petroli. Ulimboka na watu wake wamefungwa, Samson naye pamoja nao. Hukumu iliposomwa Mama aliuliza kama imekwisha. Alipoambiwa ndiyo, alisema anataka kwenda nyumbani.

Duka lipo. Waliliezeka upya kabla ya arobaini yako. Mwanvua ana makovu mgongo mzima na hawezi kukaa karibu na moto, kwa hiyo nta anayeyushiwa na mwenzake, na yeye huchora na kutia rangi. Bonifas ndiye anayekwenda kwenye hoteli sasa. Ana haya, anatokwa jasho, lakini anakwenda. Kazi za kuta bado wanagawana kama ulivyowapangia. Yassin anatengeneza fremu, na kila Ijumaa anakuja Kilosa kwenye kaburi lako. Yusrah hachori. Hatumlazimishi. Anasema anataka kucheza mpira.

Jambo la mwisho tunalotaka ulijue ni la wiki iliyopita. Mama yake Samson alikuja nyumbani Kilosa, kwa miguu kutoka stendi, peke yake. Tulimtambua kwa sababu alikuwa akija mahakamani kila siku, akikaa nyuma. Baba alikuwa uani anatengeneza mpini wa jembe. Yule mama alisimama mbali kidogo, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitikia. Wewe unamjua Baba. Hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu hata mmoja, hata ya mlevi. Aliendelea kuchonga. Mama alisimama jikoni na kisu cha mboga mkononi, na mimi nilikitazama kile kisu, kwa kuwa sikujua atafanya nini nacho. Jua lilikuwa kali. Yule mama alirudia, kwa sauti ya chini zaidi. Baba akachonga mpaka mpini ukawa mwembamba, hauwezi tena kubeba jembe, na bado anachonga. Yule mama hakuomba msamaha wala hakulia. Alipiga magoti tu, akirudia shikamoo yake, mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia.

Mwishowe Baba aliweka chini panga dogo alilokuwa akichongea.

"Marahaba," alisema. "Inuka ukae."

Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na tulimsikia akipiga ukuta kwa ngumi, akipiga, akipiga, huku Mama akimkaribisha mgeni maji ya kunywa.

Tunakukumbuka sisi: mumeo Yassin, binti yako Yusrah, baba yako mzee Anselmi na mama yako, mimi mdogo wako Magreth, mashemeji na mawifi wa Msowero, ndugu wa Kimamba, na wenzako wa duka la Mikumi, Bonifas, Mwanvua na wote. Misa itasomwa Kilosa Jumamosi asubuhi, na dua itafuata nyumbani kwa kina Yassin. Atakayeweza kufika afike, chakula kitakuwepo.

Pumzika, Dada. Maadamu tunapumua, hutasahaulika kwetu.