Gari la Alhamisi

Ijumaa, 2 Machi 1832

Dorcas anakuja. Bwana Lascombe ameniita kutoka zizini, akanisomea barua mwenyewe, kana kwamba mimi sijui kusoma. Meli imeshatia nanga Sidni. Miaka saba! Akifika huku nitakabidhiwa kwake, kama wafungwa wa huku Australia wanavyokabidhiwa mabwana wa kuwatumikia, niwe mfungwa wa mke wangu. Bwana akacheka. "Tulk, huyo utamtii kuliko unavyonitii mimi." Nikacheka na mimi. 

Jumapili, 4 Machi

Siwezi kutulia. Nimefagia kibanda mara mbili. Atalala wapi? Kuta za magome ya miti, sakafu ya udongo. Alikuwa na miaka ishirini na mbili waliponifunga. Mahakamani sikumtazama. Hakimu alisema kitanzi, kisha wakapunguza – kuvushwa bahari, kifungo cha maisha. Yote kwa saa ya mfukoni na shali ya bibi mmoja, niliposimamisha gari lao na kuwanyang'anya, barabara ya Bath kule Uingereza. Shali nilimpa Dorcas. Hakuuliza ilikotoka. Alijua.

Jumatatu, 5 Machi

Silas Dunnage amenitokea bondeni nikiwa na kondoo. Ni mfungwa mwenzangu, amemtoroka bwana wake tangu Krismasi, yuko porini na wenzake wawili na bunduki. Amekonda. Nikampa mkate wangu. Melini nilipougua homa, ndiye aliyeninywesha maji ya fungu lake siku tisa. Bila yeye ningetupwa baharini.

"Alhamisi tunalisimamisha gari la mizigo pale kivukoni," akasema. "Njoo, Ambrose. Kazi unaijua."

Nikamwambia kazi hiyo nimeiacha.

"Basi funga mdomo."

Nitaufunga.

Jumatano, 7 Machi

Bwana kaniambia leo, akipita tu juu ya farasi: mkeo yumo kwenye gari la kesho.

La kesho!

Nimemtafuta Silas bondeni, nimemwita mpaka koo limekauka. Hayupo. Nikimwambia Bwana, askari watakwenda kumvizia, na Silas atanyongwa. Nikinyamaza – Dorcas mbele ya bunduki zile. Nimeomba kibali nikampokee njiani. "Umengoja miaka saba, ngoja siku moja," akasema Bwana. "Kondoo nani atawachunga?"

Kutoka bila kibali ni viboko hamsini.

Alhamisi, 8 Machi

Naandika nikiwa kituo cha polisi. Mkono mmoja una pingu, huu mwingine wameuacha.

Niliondoka alfajiri. Nikakata msituni, nikalikuta gari likiwa limebakiza maili moja kufika kivukoni. Nikaruka katikati ya barabara, mikono juu, nikapiga kelele: simameni! Nilitaka wageuze tu, basi. Dereva, Garrity, akanitwanga na mpini wa mjeledi. Abiria wawili wakanifunga kamba. Wakageuza gari, wakanileta huku nyuma kituoni. Kivukoni hawakufika. Hilo nimeliweza.

Dorcas alikuwa ameketi juu ya magunia. Amenenepa kidogo, ana mvi hapa mbele. Akanitazama nikiwa chini, damu puani.

"Umerudia, Ambrose," akasema. Hilo tu. Miaka saba, na hilo ndilo neno la kwanza.

Konstebo Orrick anataka sababu. Nikasema nilikuwa na hamu ya kumwona mke wangu.

"Mwenye hamu ya mkewe hupunga kofia," akasema. "Hazibi njia. Nipe sababu nyingine niiandike. Huna, naandika unyang'anyi, na safari hii hawatakuvusha kwenda popote."

Nikageukia dirisha. Kalamu akaipachika sikioni, akaenda kula.

Dirishani namwona Dorcas. Ameketi juu ya sanduku lake, juani, amenipa mgongo. Garrity anamuuliza: bibie, tuendelee kwa Lascombe, au usubiri gari la kukurudisha Sidni? Nimeomba kimoyomoyo aseme Sidni. Sikudhani ningewahi kuomba hivyo.

Anafuta vumbi kwenye viatu vyake, kimoja, halafu kingine. Sasa amesimama.

"Kwa Lascombe," anasema. "Nataka nimsikie huyo bwana wake, mtu huyu ameishije miaka yote hii."

Njia ya kwa Lascombe ni ile ile ya kivukoni. Garrity anapakia sanduku. Anafunga farasi.

Nimemwita konstebo: sababu ninayo. Amesema nisubiri amalize kula. Nimemwita tena. Viatu vyake navisikia, anakuja.