Kaka Hemedi, Uzito Ule Haukuwa Wako

Malindi, Lushoto

Kaka yangu Hemedi,

Shikamoo. Huku sote wazima, kifua cha baba kimetulia, na viazi vimekubali mwaka huu. Hayo ndiyo ya nyumbani. Nimeyaandika upesi kwa sababu tangu Jumanne situlii. Nikiingia shambani najikuta nimesimama tu na jembe begani. Nikikaa kula nainuka kabla ya kushiba, nazunguka nyumba, narudi, nakaa tena.

Siku hiyo Sadiki, yule dereva wa lori la kabichi, alirudi kutoka Tanga akaniita pembeni pale dukani.

"Kaka yako amerudia chuma," akasema. "Wapagazi wa bandarini wana mashindano ya kunyanyua siku ya Sabasaba. Hemedi amewaambia wenzake atanyanyua kilo themanini, zilezile zilizomvunja nyumbani kwao."

Nikamuuliza mgongo wako ukoje. Akasema ukitaka kuinama ufunge viatu, unashika ukuta kwanza.

Unashika ukuta, kaka, na unataka kupandisha kilo themanini juu ya kichwa!

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa umetoka mafunzo ya mgambo, mimi nimemaliza darasa la saba, na miaka mitatu mizima sikuwa na kazi ila jembe. Nyuma ya kile kiwanda cha mbao kilichoachwa tuliokota ekseli ya trela. Saruji ilikuwa masalio ya ujenzi wa shule, na hukukubali tuichukue mpaka umwombe mwenyekiti wa kijiji. Tuliimimina kwenye karai kuukuu, tukasimamisha kipande cha mwanzi katikati ili libaki tundu. Ilipokauka tukapata miduara mizito, tukaiita mawe. Tuliyapima moja moja kwenye mizani ya viazi ya duka la ushirika, kilo kumi kila jiwe, nawe ukaandika namba juu yake kwa mkaa. Ekseli peke yake ilikuwa kilo ishirini. Ulifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe.

Mwezi mzima ulininyima mawe. "Nyanyua ekseli tupu," ulikuwa ukisema. "Kunja magoti, mgongo unyooke, usikurupuke." Mimi nilikuwa nanung'unika. Siku tuliyochimba matuta hukugusa chuma kabisa. "Leo nguvu nimezimaliza mlimani, mgosi. Tutanyanyua kesho." Na kila siku uliniweka mwisho wa ekseli upande wa kulia na Sadiki upande wa kushoto, ukaturudia maneno yaleyale: "Mkiona magoti yangu yanatetemeka, shikeni. Msingoje niwaite."

Siku moja ulichelewa msikitini nami nikajifanya mkubwa. Nikapakia mawe manne, nikalala chali juu ya ubao, nikateremsha chuma kifuani kikanikalia. Sikuweza hata kupiga kelele. Nilisikia miguu yako ikikimbia juu ya maranda, ukakiinua kwa mikono miwili. Nilingoja unicheke au unitukane. Ulinikalisha, ukanifunika koti lako kwa vile ukungu ulikuwa umeshuka na baridi inauma, ukaniuliza kama napumua sawasawa. Hujamwambia baba mpaka leo.

Ndiyo sababu sielewi nilipata wapi moyo wa kukufanyia niliyokufanyia.

Kaka, nisikilize mpaka mwisho, usiichane barua. Nilikuonea wivu. Boriti ikitakiwa kupandishwa, "Mwiteni Hemedi." Lori likinasa kwenye tope, "Hemedi yuko wapi?" Hata baba, kuni zikiwa nzito, alinipita mimi niliyesimama mlangoni akakuita wewe uliyekuwa mbali. Mimi jina langu kijijini lilikuwa mdogo wake Hemedi.

Ulipokwenda Muheza wiki mbili kumuuguza shangazi, nilimimina mawe manne mapya. Ndani ya saruji nilitia nati, bolti na vipande vya misumeno nilivyookota kiwandani. Kwa macho hayakuwa na tofauti na yale ya zamani. Juu yake nikaandika kumi kwa mkaa, nikaiga mwandiko wako. Niliyapima jioni duka likiwa tupu. Kila moja lilikuwa na kilo kumi na tano.

Siku ya kufungua ghala la kijiji, mwenyekiti alipokuomba uwaonyeshe wageni, aliyepanga mawe ni mimi. Wewe ulikuwa unawaamkia wazee. Ulihesabu mawe matatu huku na matatu kule, ukasoma kumi kumi, ukaridhika. Kilo themanini, uzito uliouzoea. Lakini mawili kila upande yalikuwa yangu. Ulikuwa umeshika kilo mia moja.

Nilichotaka ni kuona chuma kinakukataa mara moja tu mbele za watu. Nilidhani utakiweka chini, watu watacheka kidogo, basi. Sikufikiri kwamba mtu anayejua uzito wake hauweki chini upesi. Kilipofika magotini kikasimama, ukanitazama. Mpaka leo naliona lile jicho. Ulikuwa unaniuliza kuna nini. Magoti yako yakatetemeka, nami nilikuwa mwisho wa ekseli palepale uliponiweka. Sadiki alishika. Mimi sikushika. Ukavuta kwa nguvu zote, mgongo ukapinda, ukatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwako, na akina mama wakaacha kuimba.

Tulikupakia kwenye lori hadi hospitali ya Bumbuli, nami nimekushika kichwa njia nzima, kila kona ya mlima unauma meno. Wiki sita ulilala chali. Daktari alikuambia mgongo utapona, ila mwaka mzima usibebe kizito, na baadaye uanze upya kidogo kidogo kama mtoto anayejifunza kutembea. Alipotoka ukaniuliza, "Saidi, ilikuwaje? Uzito ule nimeuzoea."

Nikakujibu, "Labda hukupumzika vizuri, kaka, baada ya safari."

Ukageuza uso ukutani. Ukasema, "Basi nimekwisha."

Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kusikia unavyopumua. Nikanyamaza. Nikanyamaza tena baba aliposema ulijionyesha mno kwa wageni. Mwaka haujatimia ukafunga mzigo kwenda bandarini, nikakusindikiza hadi barabarani, lori likaondoka.

Sasa Sadiki ananiambia unataka kulipiza kwa kilo themanini, nami ndipo nilipoelewa nilichokufanyia. Mgongo uliumia siku ile. Lakini wewe mwenyewe, mtu aliyeniambia nisikurupuke, nimekufanya mtu wa kukurupuka. Unakimbilia uzito unaodhani ulikushinda, kumbe haukuwahi kukushinda. Kilichokuvunja ni mimi.

Leo asubuhi nilichukua nyundo nikayapasua yale mawe manne. Vyuma vilimwagika chini. Baba akatoka kuuliza kelele za nini, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa sikuweza. Hakunipiga. Aliokota bolti moja, akaigeuzageuza kiganjani, akakaa kwenye kizingiti.

"Nilimlaumu mwanangu bure," akasema. Halafu akaniuliza, "Lori linateremka lini?"

"Kesho, baba."

"Mwandikie leo. Mwambie namwomba radhi. Na wewe mwambie mwenyewe ulichofanya, usiniachie mimi."

Basi ndiyo nimekuambia. Sadiki anaondoka na barua hii pamoja na mfuko wa viazi na matunda damu kidogo, ukiona yamebonyea njiani usinihesabie kosa hilo pia. Ningekuja mwenyewe, ila naogopa uso wako, na sioni haya kukuambia. Ukitaka nije, mwambie Sadiki neno moja tu, nitapanda lori linalofuata. Ukitaka kunipiga, nitasimama. Ukitaka nisikae nyumba moja nawe tena, nitahama.

Lakini kilo themanini za Sabasaba, ziache, kaka. Huna deni nazo. Wakikucheka wapagazi wenzako, waonyeshe barua hii, wasome jina langu. Ukitaka kurudia chuma, rudia kwa chuma kitupu kama ulivyonifundisha, umtafute mtu wa kusimama mwisho wake ambaye atashika. Mimi sistahili tena nafasi hiyo, najua.

Wala sikuandiki ili unisamehe. Ukiona huwezi, usinisamehe. Nichukie mpaka tuzeeke sote wawili, mradi tuzeeke. Ila siku hiyo, wakikuita jina lako, kaa palepale ulipokaa na watazamaji.

Mdogo wako,
Saidi