Wali wa Jamaika na Mdomo Wangu

Kazungu mwanangu,

Nakuandikia hapa mtandaoni, hadharani, kila mtu asome, maana na kosa lenyewe nililifanya kwa kukusifu mbele za watu. Shule yangu iliishia darasa la tano, basi nikikosea mahali nivumilie.

Unakumbuka Idi ile ulipomwendesha bosi wako na familia yake kutoka Riyadh kuja Jeddah, ukapata saa mbili za kuniona hapa kazini kwangu, Al-Safa? Madam, mwajiri wangu, alikuwa amelala. Ukaingia kwa mlango wa jikoni na mfuko wa vitu, ukaniambia, "Mama, leo kaa. Napika mimi, chakula nilichofundishwa na Mjamaika."

Nikakutania. "Wali wa nazi na mbaazi? Babangu, umeenda Riyadh kufundishwa na Mjamaika chakula cha Malindi?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Onja kwanza, mama."

Ukaitua pilipili mbuzi nzima juu ya wali, ukanionya nisiipasue, yatakiwa harufu yake tu. Kuku ukamsugua viungo vyeusi ukamchoma mpaka moshi ukanitoa machozi. Mchicha kwa samaki wa chumvi. Ndizi mbivu za kukaanga. Mimi nimekula kabsa za mikahawa yote ya Jeddah, zile pilau za Waarabu madam huagiza kwa masinia, na hakuna iliyofika pale. Sisemi kwa kuwa nimekuzaa. Aa, nasema kwa kuwa nimekuzaa, lakini pia ni kweli.

Tukila ukanieleza yote. Kwamba Ijumaa, ukiwa huendeshi lori la bosi kule Al-Sulay, Riyadh, unaenda mkahawa mdogo wa Al-Shumaisi kupika na Desmond, huyo Mjamaika aliyekufundisha. Kwamba mmepanga kuja kufungua mkahawa wenu Malindi, wewe na yeye. Kisha ukanishika mkono. "Mama, usimwambie mtu. Kibali changu cha kuishi, hiyo ikama, kimeandikwa dereva. Bosi akijua napika kwingine, halas, narudishwa nyumbani."

Nikaapa.

Hata siku haikuisha. Madam aliamka, akaonja wali uliobaki, akauliza nani kapika. Ningesema mimi. Kazungu, ningesema mimi tu! Lakini nilivimba kifua. "Mwanangu! Huyo huyo dereva wa binamu yako. Kila Ijumaa anapika mkahawani Riyadh, watu wanapanga foleni mpaka barabarani." Hiyo foleni niliiongeza mwenyewe. Madam akasema mashallah, akakwangua sufuria. Na binamu yake ndiye bosi wako, ndiye tuliyemwomba viza yako. Nilijua, na bado nikasema.

Wiki mbili baadaye ulinipigia kutoka uwanja wa ndege, unarudishwa nyumbani. Ulikuwa unalia, wewe ambaye hata kwenye mazishi ya babako hukulia mbele za watu. "Ni Desmond, mama. Yeye peke yake alijua. Tuligombana juzi, akaenda kunichongea."

Mimi hata hukunifikiria.

Nami nikajibu, "Binadamu ni wabaya, mwanangu." Hayo ndiyo maneno niliyokupa ya safari.

Desmond alinipigia mara mbili, kwa Kiswahili kile ulichomfundisha. "Mama, Kazungu hajibu. Mimi nimefanya nini?" Nikamwambia sijui, yalla, madam ananiita. Hakuna aliyekuwa ananiita.

Sasa una kibanda chako cha chakula Malindi, na wadada wenzangu wa kazi hapa wamechoka kuonyeshwa picha zake. Lakini nasikia mteja akiuliza ule wali wa Jamaika, unamjibu huupiki, ni chakula cha msaliti. Miaka minne mtu asiye na kosa anaitwa msaliti, na mimi kila Jumapili unaniombea kanisani.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika, baba, kasirika mpaka utosheke, na simu zangu usipokee ukitaka. Ila Desmond mpigie. Namba yake ni ile ile, na bado yuko Al-Shumaisi. Mwambie ni mimi mamako niliyesema. Akiuliza mbona nilinyamaza siku zote hizi, mwambie niliona haya kuitwa mama aliyemponza mwanawe, nikaona afadhali nimponze rafiki yake pia.

Ni mimi niliyekuzaa na niliyekusema,
Mamako