Mafuta ya Wageni

Jumamosi, Munyaka. Mvua tangu asubuhi, na baridi ya Eldoret imeingia mpaka kwa mifupa. Siko vibaya, siko vizuri. Niko tu.

Ngozi ya mwanangu Kibet imepasuka. Mashavu, viwiko, nyuma ya magoti. Mtoto hata shingo haijakaza.

Ni heshima yangu iliyomfikisha hapo. Kila aliyekuja kumwona alileta mafuta. Wifi yangu alileta yenye harufu ya maua, akina mama wa kanisa wakaleta losheni ya asali, jirani akaleta ya majani, eti ya asili haiwezi kumdhuru. Nami nikisikia fulani yuko njiani, nampaka Kibet yale aliyoleta yeye, ndio akimbeba asikie harufu ya zawadi yake. Kuna siku alipakwa aina tatu.

Juzi nesi wa kliniki alimgeuzageuza, akauliza nampaka nini. Nikataja yote. Akasema ngozi ya mtoto mchanga ni nyepesi, manukato yanaiwasha, hata hayo ya asili. Niache yote. Jeli ya kawaida isiyo na harufu, kidogo, akitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Basi. Na vitu vya kuliwa pia nisipake, ngozi ikiwa wazi hivyo.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali.

Leo mama mkwe amefika kutoka Sugoi na kikopo cha siagi, imetoka kwa maziwa ya ng'ombe wake. Watoto wake wote aliwapaka hiyo, mume wangu akiwa mmoja wao. Akaketi, akamlaza Kibet mapajani, akamvua nguo, akafungua kikopo.

Mimi naangalia tu. Tangu nijifungue ni hivyo, watu wanakuja, wanampaka, wanaenda, na mimi naangalia. Nilijua kesho vile vidonda vitakuwa vibaya zaidi, na bado mdomo ulikataa kufunguka. Vidole vyake tayari vilikuwa na siagi.

"Mama, usimpake."

Sijawahi kumkataza kitu. Nikamweleza aliyosema nesi, yote, macho yangu yakiwa kwa sakafu. Nikangoja kuambiwa sisi wasichana wa siku hizi hatusikii.

Akapangusa vidole kwa leso, akafunika kikopo.

"Haya. Hii itaingia kwa mboga."

Halafu akainamisha uso shingoni mwa mtoto, akavuta pumzi.

"Sasa ananukia mtoto," akasema, akanipatia.

Nikamnusa. Tangu azaliwe amenukia maua, asali, majani, amenukia watu. Harufu yake mwenyewe sikuwa naijua.

Mimi ni mama yake, na sikuwa naijua.

Nisidanganye, bado sihisi kitu kikubwa. Lakini nilimnusa tena, na tena, mpaka Mama akaacha kuningoja, akaingia jikoni kupika mwenyewe.